Jiko la moshi la kwanza, mfukoni laki mbili na nusu, uani kwangu Tanga: nianze na lipi?

UaniChumbageni

Habari za jioni wana jukwaa. Shikamooni mlionitangulia.

Nipo Tanga mjini, Chumbageni. Nyumbani tunachoma nyama mara kwa mara kwenye jiko la wavu la kawaida, mishkaki na mbavu, hilo tunaliweza. Sasa nataka nyama ya moshi hasa, ile inayokaa saa nyingi kwenye joto dogo mpaka inachambuka kwa vidole na moshi umeingia ndani.

Bajeti yangu ni laki mbili na nusu, na hiyo ni ya kila kitu. Sitaki nifike katikati niambiwe bado kifaa fulani. Walaji wa kila siku ni watu sita, wageni wakija tunafika kumi na watano. Tunakula ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki. Uani kuna sakafu ya saruji, pana nafasi ya kutosha jiko moja na meza, lakini upande wa bahari ni ukuta wa jirani na kamba yake ya nguo ipo palepale. Umeme upo, ila sitaki nyama inayopikwa kwa saa saba itegemee umeme.

Nimeona mengi mtandaoni: yale marefu yenye sanduku la moto pembeni, ya mviringo yenye mfuniko, ya umeme, na watu wanaotengeneza kwa mapipa. Wenye uzoefu naomba mnieleze lipi linafaa kuanzia, na kwa nini.

MkaaMoto

Dada chukua la umeme uishi kwa raha. Unaweka vipande vya mti, unaseti joto, unakwenda kulala. Haya ya mkaa yatakuchosha.

GerejiNgamiani

MkaaMoto, dada ameshasema hataki kutegemea umeme, na bajeti aliyoitaja haifiki huko. Yale yanayotumia punje za mbao ndiyo kabisa usiyaguse ukiwa huku: yanataka umeme muda wote kuzungusha feni na kusukuma punje, na zile punje zenyewe utazitafuta mpaka uchoke.

Dada UaniChumbageni, mimi ni fundi wa kuchomelea na nyama ya moshi naila na kuipika. Nitakwambia ninachokiamini: kwenye jiko la moshi unanunua vitu viwili tu, uwezo wa kubana hewa na uwezo wa kujua joto. Mengine yote ni mapambo. Joto la kazi hii ni nyuzi 107 mpaka 135 za Selsiasi. Moto wa mkaa unakula hewa, ukiipunguza hewa joto linashuka, ukiizidisha linapanda. Kwa hiyo chombo kinachovuja kila pembe hukitawali hata kiwe na bei gani.

Ndiyo maana nakuonya kuhusu yale marefu yenye sanduku la moto pembeni. Ni majiko mazuri sana yakitengenezwa kwa bati nene, milimita 6 hivi. Yale ya bei nafuu ni bati jembamba, milango haikai, moshi unatokea kwenye bawaba badala ya kwenye dohani. Halafu yanataka kuni kila baada ya nusu saa au dakika arobaini, maana bati jembamba halitunzi joto. Likipigwa na upepo wa kusi upande mmoja, kuku wa upande ule anabaki mbichi na wa karibu na moto ameungua. Kwa laki mbili na nusu hupati lile nene.

Kwa hiyo kwako mimi nasema pipa. Pipa la chuma la lita 200 lina kipenyo kama sentimita 58 na kimo kama 88. Mkaa chini, nyama juu, mfuniko wake unabana. Limesimama wima, upepo unalipitia pembeni. Na hapa Tanga kila mtaa una fundi wa kulitengeneza.

Boya_la_Raskazone

Naomba nipingane kidogo na fundi. Pipa ni zuri, lakini kama dada akipata lile la mviringo lenye mfuniko, hata lililotumika, asiliache. Lina matundu chini na matundu juu, basi hewa inabanwa vilevile. Unarundika mkaa upande mmoja, nyama inakaa upande wa pili, unafunika. Lile jiko kwanza lilitokana na boya: mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya Weber Brothers huko Chicago waliokuwa wakitengeneza maboya ya chuma, alichukua boya akalikata nusu, nusu ya chini ikawa jiko na ya juu ikawa mfuniko. Shida aliyokuwa anaikimbia ni hiyohiyo ya upepo na majivu kwenye nyama. Sisi watu wa bandari tunapaswa kulielewa jiko hili kuliko wote.

Faida yake nyingine, siku ukitaka mishkaki ya haraka unatandaza mkaa wote chini na unachoma kama kawaida. Pipa kwa mishkaki halifai, wavu upo mbali mno na moto.

UaniChumbageni

Asanteni sana. Fundi, umenifungua macho kuhusu bati jembamba, nilikuwa nalitazama lile refu kwa tamaa. Boya, jiko la mishkaki ninalo tayari, kwa hiyo hilo la kazi mbili halinisumbui sana.

Tuseme nakwenda kwenye pipa. Nalipata wapi lililo salama? Maana mapipa mengi ninayoyaona yamebeba vitu ambavyo hata sivijui.

GerejiNgamiani

Swali zuri, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasifanye mchezo.

Pipa liwe limebeba chakula. Mafuta ya kula, sharubati nzito, asali. Lililobeba dawa za shamba, kemikali, rangi, au kitu ambacho muuzaji anakizungukazunguka kukutajia, liache hapohapo hata akikupa bure. Na hilo la "lilikuwa na oili tu ya gari" liache pia. Nusa ndani, soma maandishi ubavuni, muulize muuzaji alilitoa wapi.

Pili, tazama ndani. Mapipa mengi yana rangi ya ndani, mara nyingi nyekundu kama kutu au ya kahawia inayong'aa. Hiyo lazima iishe yote. Tunatoboa matundu ya hewa kwanza, tunaliwasha kuni nyingi ndani mahali pa wazi mbali na nyumba, moto mkali hasa, kisha tunalisugua kwa brashi ya waya mpaka unaona chuma kitupu. Moshi wa kuichoma ile rangi ni mbaya, watoto wasikae karibu. Ukipata pipa ambalo ndani ni chuma kitupu, umeokoa kazi nzima hiyo.

Tatu, kitu chochote kilichopakwa zinki kisiingie kwenye moto wala chini ya nyama. Watu wanatumia wavu wa uzio wa kuku kwa sababu upo na ni rahisi. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Sisi tunaochomelea mabati tunaujua, jioni unashikwa na homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Wavu wa nyama uwe wa stenlesi, au nondo nyembamba tupu zilizosuguliwa zikapakwa mafuta na kuunguzwa.

Vipimo vyenyewe: chini, sentimita 5 kutoka kwenye kitako, toboa matundu manne ya sentimita 2. Moja linawekwa kipande cha bomba jeusi la chuma na koki, hiyo ndiyo ya kurekebishia hewa kidogokidogo. Mengine matatu unayawekea vifuniko vya bati vinavyozunguka kwenye bolti. Kikapu cha mkaa kiwe na miguu, kisikae kwenye kitako, majivu yapate pa kudondokea. Wavu wa nyama uwe sentimita 60 juu ya kitako cha kikapu. Kwenye mfuniko matundu manane ya sentimita 1.2 hivi, haya yabaki wazi wakati wote wa kupika. Moto unautawala kwa hewa inayoingia chini. Ukiziba juu moshi unazunguka ndani na nyama inakuwa chungu.

Mwambie fundi asikate mlango ubavuni. Kila mteja anautaka, na kila mlango unavuja.

MamaNguru_Bgy

Salaam kutoka Bagamoyo. Nawasoma kwa furaha, ila mnazungumza kama vile moshi umeletwa na Wamarekani. Huku pwani samaki tunambanika tangu enzi za mabibi zetu, uchanja wa fito juu, makumbi ya nazi chini.

Dada, umesema na samaki mnakula. Kabla hujatoa hela kwenye pipa jiulize ni kipi mtakipika mara nyingi zaidi. Kama ni samaki, kuna tanuri la Chorkor. Lilianzia Ghana kwenye kijiji cha wavuvi cha Chorkor huko Accra, wanawake wakaushaji wa pale walishirikiana na watafiti na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, likasambaa nchi nyingi za Afrika. Ni kuta za matofali au udongo zenye tundu la kuni mbele, juu yake unapanga trei za fremu ya mbao zenye wavu, moja juu ya nyingine, na trei zenyewe ndizo zinazokuwa dohani. Matofali, saruji kidogo na seremala, basi. Samaki unaowaweka humo kwa mkupuo mmoja pipa halitawabeba.

Na jambo moja la afya ambalo watu wengi hawalijui. Jodari, vibua na nguru wakikaa nje ya barafu wanajenga histamini, ile inayokuwasha mwili na kukufanya uso mwekundu na moyo kwenda mbio baada ya kula. Histamini ikishajengeka haiondoki kwa moshi wala kwa moto. Kwa hiyo ukinunua pale soko la samaki la Deep Sea nenda na ndoo ya barafu, samaki aingie humo tangu mnadani.

UaniChumbageni

MamaNguru, shikamoo. Nashukuru kwa hilo la barafu, sikuwahi kulisikia likielezwa hivyo. Kwetu ng'ombe na mbuzi ndio wengi, samaki labda mara moja kwa mwezi. Na tanuri la kujenga kwenye nyumba ya kupanga mwenye nyumba hatokubali. Je, pipa linaweza kupika samaki pia, au nisijisumbue?

MamaNguru_Bgy

Marahaba mwanangu. Linaweza kabisa, ila wachache. Kata nguru vipande vinene, mloweke kwenye maji ya chumvi saa moja au mbili, mfute, kisha mwache kwenye upepo penye kivuli amefunikwa chandarua cha nzi mpaka ngozi ya juu iwe inanata ukigusa. Usiruke hatua hiyo, moshi unashika pale. Joto nyuzi 90 hadi 100, na katikati ya nyama yake ifike 63. Huyo ni samaki wa kuliwa leo au kuwekwa kwenye friji. Haji kuwa mkavu wa kuning'inia jikoni wiki mbili, asije mtu akakudanganya. Mchuzi wake wa tui la nazi na ukwaju kidogo utanikumbuka.

Mwanakusi

Mimi nauliza upande wa jirani. Dada kasema kamba ya nguo ya jirani ipo ukutani. Hili halijajibiwa.

GerejiNgamiani

Kweli. Moshi mweupe mzito unaofuka kama wa kuchoma majani ndio unaoudhi jirani, na ndio huohuo unaoharibu nyama, unaacha masizi yenye ukali ulimini. Moto ukiwa safi moshi unaotoka juu ni mwembamba, karibu hauonekani, una rangi ya buluu kwa mbali. Mfumo ni huu: jaza kikapu mkaa usiowashwa, chimba kishimo katikati, mimina humo mkaa kidogo ulioshika vizuri kwenye jiko jingine. Moto unatambaa polepole kutoka katikati kwenda nje. Wenyewe wanaiita njia ya Minion, kwa jina la Jim Minion, Mmarekani mmoja wa mashindano ya kuchoma nyama. Kikapu cha kilo nne au tano za mkaa kinakupeleka saa sita au zaidi kama pipa limebana. Vipande vya mti vya kunukishia viwe vitatu vinne tu, vya ukubwa wa ngumi, vikavu. Usiviloweke. Maji yanatoa mvuke na yanachelewesha tu.

Ule moshi mzito unatoka dakika ishirini za mwanzo. Subiri upungue ndipo uweke nyama. Na kwa jirani, ongea naye siku moja kabla, muulize anafua lini, kisha mpelekee sahani. Kuanzia Aprili hadi Septemba upepo wa kusi ndio unaotawala, simama uani uone unapeleka wapi moshi kabla hujaamua pipa likae kona gani.

Lisiingie barazani wala jikoni hata mvua ikinyesha. Mkaa unaobanwa hewa unatoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na inaua.

Mwanakusi

Na mti gani? Hapa ndipo watu wanapobishana.

Boya_la_Raskazone

Kwa mtu wa Tanga hakuna haja ya kubishana, Muheza ipo pale. Mchungwa. Wakulima wanapogolea michungwa matawi yanabaki shambani, kausha miezi kadhaa. Moshi wake ni mpole na mtamu, unakubali kuku na samaki. Mpera pia mzuri. Kwa ng'ombe, anayependa moshi mkali kidogo atumie mgunga.

Usitumie paina wala miti yenye utomvu mwingi, mikaratusi ina mafuta yanayonuka kama dawa ya kifua, na mwarobaini utaleta uchungu nyamani. Mbao chakavu za fenicha na za kreti zilizopakwa dawa, hapana kabisa. Maganda ya korosho pia usitupie motoni, yale yana mafuta yanayobabua ngozi na moshi wake unachoma macho. Na mikoko ni hifadhi, iacheni ilinde ufukwe.

BuchaKwetu

Nimechelewa kuuona uzi huu, ila upande wa nyama niachieni mimi.

Dada, ukifuata video za Marekani kwa kidari cha hapa utaambulia kamba ya kiatu. Ng'ombe wao amelishwa nafaka, kidari chake ni kilo sita na mafuta ya kutosha juu. Wetu wa kienyeji amekula majani, ametembea, kidari chake ni chembamba na mafuta ni haba. Usihesabu saa zao kumi na mbili. Mwambie mchinjaji akuachie kidari kizima cha kilo mbili au tatu, asikikate vipande, na asiondoe mafuta. Weka bakuli la maji ndani ya pipa chini ya wavu, linatuliza joto na kuzuia nyama kukauka.

Sasa kuna kitu kitakutia hofu. Nyama ikifika nyuzi 65 mpaka 70 ndani, joto linaganda hapo. Saa moja, saa mbili, halipandi. Maji yanatoka juu ya nyama yanakauka na kuipoza, kama jasho mwilini. Usiongeze moto. Ukitaka kuiharakisha ifunge, kwa karatasi ya kaki isiyo na nailoni, au jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea. Ile mishipa migumu ya kidari inayeyuka taratibu ikishapita 70, na ikifika 93 hadi 95 kijiti kinazama bila kukazana. Ndipo uitoe uipumzishe nusu saa kabla ya kukata.

Lakini usianze na kidari. Anza na mapaja ya kuku, joto la pipa 135 au zaidi kidogo ili ngozi isiwe mpira, ndani ifike 74. Utajifunza koki na hewa bila kupoteza hela nyingi. Kisha nenda kwenye bega la mbuzi. Kwa nyama ya huku bega la mbuzi ndilo linalonifurahisha kuliko yote kwenye moshi, lina mishipa na mafuta yaliyojipanga, na halikauki haraka.

UaniChumbageni

Nimeamua pipa. Nimepata moja la mafuta ya kula, ndani ni chuma kitupu, nimelinusa mwenyewe. Fundi wa mtaani kwetu nimempelekea vipimo vya GerejiNgamiani na amekubali kutokata mlango. Anasema ataniwekea kipima joto cha mshale kwenye mfuniko, kwamba kinatosha. Kinatosha kweli? Na hii chumvi ya bahari, pipa halitaliwa na kutu?

GerejiNgamiani

Hongera dada, hasa kwa kulinusa.

Cha kwenye mfuniko hakitoshi. Kinapima joto la pale juu kwenye bati, nyama ipo chini yake, na vingi vya mshale vinakosea kwa nyuzi nyingi. Tenga sehemu ya ile laki mbili na nusu tangu sasa kwa kipima joto cha sindano cha kidijitali cha kuchoma kwenye nyama. Kama hela itakubana, punguza kwenye rangi na magurudumu, hapo usipunguze.

Ukikipata kipime. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka sindano katikati isiguse glasi: kisome 0. Kisha maji yanayochemka: sisi tupo usawa wa bahari, kisome 100. Ndugu zetu wa Lushoto watapata kama 95 kwa sababu ya mwinuko, wasikitupe wakidhani kibovu. Kama chako kinapishana nyuzi mbili, andika tofauti hiyo kwenye kijikaratasi ukibandike nyuma yake.

Kutu: nje paka rangi inayostahimili joto, ile ya eksozi za magari. Ndani usipake rangi yoyote. Futa kwa mafuta ya kula safu nyembamba, liwashe saa mbili bila nyama mpaka liwe jeusi la kung'aa. Baada ya kila mpiko toa majivu yakishapoa, usiyaache mpaka wiki ijayo, maana majivu yakivuta unyevu wa huku ndiyo yanayokula kitako. Liinue kwa matofali matatu lisikae kwenye saruji yenye maji, na masika lifunike turubai.

UaniChumbageni

Nimeelewa. Magurudumu nimeyaondoa kwenye oda, hela hiyo inakwenda kwenye kipima joto. Kesho narudi kwa fundi na wavu wa stenlesi. BuchaKwetu, bega la mbuzi la watu wanane niombe kilo ngapi, na nimwambie mchinjaji aliache na mfupa?

BuchaKwetu

Na mfupa, ndiyo. Mabega mawili, kila moja kilo mbili hivi, maana mfupa na maji yanayopotea vitachukua karibu nusu. Yapake chumvi usiku uliotangulia, asubuhi ongeza pilipili manga na kitunguu saumu tu. Usiyabanane kwenye wavu, acha moshi upite katikati.